Jina la Mwanamke Kwenye Mzinga

9 Desemba

Mume wangu ameoa mke wa pili, na mke huyo ni mzinga wa vita. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu yeyote hapa kijijini Vilkhivka nitachekwa mpaka Pasaka.

Asubuhi Tymko ametuma picha. Wanaume watano wamesimama kwenye matope, vifua mbele, na yeye yuko katikati ana ndevu nisizozijua. Nyuma yao ndio huo mzinga waliopewa na watu wa Magharibi, ule aliopelekwa Ujerumani kiangazi kizima kujifunza kuutumia. Ni mzuri, sikatai. Mrefu, safi, umekaa kama unajua kwamba unatazamwa. Na kwenye mtutu, kwa rangi nyeupe, wameandika kwa herufi kubwa: ORYSIA.

Mimi naitwa Teklia.

Nikapiga simu hapo hapo, mikono ina unga. Akasema ni desturi, kila kikosi cha mizinga huupa mzinga wake jina la mwanamke, hakuna ubaya. Nikamuuliza Orysia ni wa nani kati yao. Akasema si wa mtu, ni mkalimani aliyekuwa akiwatafsiria kule mafunzoni, binti wa mji wa Lviv, na bila yeye wasingejua hata skrubu moja inaitwaje.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe ni mke wangu," akasema, kama mtu anayejibu swali la mtihani.

Simu ikakatika. Au alikata yeye.

10 Desemba

Theluji. Mkate umeungua.

14 Desemba

Mama mkwe ameiona picha. Niliisahau wazi mezani, naye Yavdokha macho yake ni mabovu kwa kushona tu, kwa umbea yanaona mpaka Poltava. Alicheka hadi akajishika kwenye jiko. Akasema mke mwenza wa chuma ana faida zake, hali viazi vyetu na hajibizani na mkwe. Nikamwambia anakula, tena chakula chake kinatoka ng'ambo kwa meli. Akasema basi huyo kweli ni mke wa mjini.

Nilicheka naye. Ndani naungua.

Namjua Tymko. Kabla ya vita alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia ngano, na jioni alikuwa akiipigapiga ubavuni kabla ya kuja kula. Mimi sikuwahi kupigwapigwa ubavuni kwa upole namna ile. Lakini ile mashine haikuwa na jina, kwa hiyo nilinyamaza.

20 Desemba

Tunasuka nyavu kila siku kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Nyavu za wavuvi zinatandikwa kwenye fremu za mbao, sisi tunafunga juu yake vitambaa tulivyokata mikanda mikanda, na askari wanafunika mizinga na mahandaki ili droni zisiwaone. Sasa ni msimu wa nyeupe, shuka za kijiji kizima zimekatwa. Nimeikata ile ya harusi yetu na haikuniuma, sijui kwa nini.

Mkubwa wetu ni Mwalimu Pelaheia, aliyetufundisha jiografia sote na bado anatuita kwa majina ya ubini. Kila kitambaa anakishika kwanza kwa vidole, halafu anakipeleka dirishani. Chochote kinachong'aa kinarudi kwenye gunia. Vitambaa vilivyofuliwa kwa sabuni ya unga ya dukani navyo hataki, anasema usiku vinawaka kwenye miwani ya adui ya kuonea gizani. Vinachemshwa upya kwa majivu.

Wanawake wanaongea habari za waume zao. Mimi nasuka.

24 Desemba

Mkesha wa Krismasi, ule mpya. Yavdokha amesema atasherehekea na huu na ule wa zamani wa Januari, kwa sababu Mungu hajamwambia yeye binafsi kwamba tarehe imebadilika.

Nimepika kutia, ngano na asali na mbegu za popi, pamoja na vile vyakula vingine vyote visivyo na nyama. Tukaweka bakuli na kijiko cha Tymko mahali pake kama desturi inavyotaka kwa asiyekuwepo. Nilipogeuka na supu ya borshchi mkononi nikakuta Yavdokha ameweka bakuli jingine kando ya lake.

"La nani hilo, Mama?"

"La mwenzio. Ameshinda kwenye baridi naye, maskini."

Nililiondoa. Akasema nina roho ndogo. Nikamwambia roho yangu inatosha mzinga mmoja, ila haitoshi mzinga wenye jina. Tukala bila kuangaliana, kisha akaanza kuimba na mimi nikamfuata kwa sababu ile sauti ya pili ni yangu na bila mimi wimbo unapwaya.

6 Januari

Mkesha wa Krismasi ya Yavdokha. Bakuli moja tu. Amejirekebisha.

13 Januari

Tymko amepiga. Sauti imechoka. Kwenye simu hawatakiwi kusema mambo ya kikosi, lakini kila mtu nchini anajua: makombora yamepungua. Kule ng'ambo wabunge wanabishana, meli hazijapakiwa, na mizinga waliyotupa inakaa tu na mdomo wazi. Adui anafyatua asubuhi mpaka jioni, wetu wanajibu wakiruhusiwa.

"Orysia ana njaa," akasema. Alisema kwa uchungu wa kweli, kama baba mwenye mtoto hospitalini.

Nitaandika ukweli maana hapa hakuna wa kunisikia. Nilifurahi. Nilisema moyoni, acha ashinde na njaa, acha anyamaze, tuone kama ataendelea kukaa na mtutu juu. Nilipokata simu nikaenda kukamua ng'ombe nikiimba.

Jioni Yavdokha akaniuliza kwa nini nina furaha hivyo. Nikamwambia maziwa yameongezeka.

14 Januari

Mzinga usiofyatua haumlindi mtu. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi, na ng'ombe nimemkamua bila kuimba.

28 Januari

Nimemtafuta kwenye simu na nimempata. Haikuwa kazi ngumu, wakalimani wanapenda picha. Ana shingo ndefu na midomo myekundu, anacheka na wanajeshi wa nchi za watu, kofia ya askari kaiweka upande. Kwenye picha moja Tymko yupo nyuma. Hatazami kamera. Anamtazama yeye, mdomo umefunguka kidogo, hivyo anavyofanya akisikiliza injini.

Nilimwonyesha Yavdokha. Nilitaka acheke. Hakucheka. Alirudisha simu akasema, "Mwanangu ni mjinga, lakini ni wako." Kisha akaenda kulala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

5 Februari

Kikosi cha Tymko kimeomba wavu mpya mweupe, ule wa kwanza umeraruliwa na upepo. Mwalimu Pelaheia akanipa mimi niusimamie, akidhani ananipendelea. Nyastia, mke wa Yukhym, amekuja kutoka kijiji cha pili kusaidia. Yukhym ndiye anayepakia makombora kwenye mzinga huo huo, mtu mkubwa wa kucheka hovyo, aliyekuwa mwokaji mikate. Nikamuuliza Nyastia kama jina la mzinga linamsumbua. Akashangaa. Akasema hata wangeuita Shetani, mradi Yukhym arudi.

Nikamwonea wivu hata huyo. Mwanamke aliyetulia hivyo.

9 Februari

Leo nimefanya jambo.

Nina gauni la satini, la samawati. Nililivaa kwenye harusi ya binamu yake Tymko, alinichezesha mpaka wapiga muziki wakaomba kupumzika, na njiani akaniambia rangi ile isivaliwe na mwanamke mwingine yeyote duniani. Nilikata pindo lake, mkanda mwembamba wa urefu wa mkono. Pelaheia alipotoka kwenda kuongeza kuni nikausuka katikati ya wavu, chini ya vitambaa vyeupe, pale pale mtutu utakapolala.

Nataka akiinua macho anione mimi juu ya yule. Kanuni naijua. Lakini ni kitu kidogo, na kimefunikwa.

12 Februari

Wavu umeondoka na gari la wahisani.

20 Februari

Theluji imeanza kuyeyuka, barabara ni uji.

Leo Pelaheia alituletea video kutoka wilayani. Askari wamepiga picha za nyavu kutoka juu kwa droni yao wenyewe ili wasukaji tujifunze. Sikuielewa mara moja, yote ilikuwa kijivu, shamba, miti, shamba. Kisha kukawa na kitu kinachomeremeta. Pelaheia akasimamisha picha. Akatuambia ule ni utepe wa zawadi, mtu kaufunga kwenye wavu kwa mapambo, si wavu wetu, ashukuriwe Mungu, na upepo ulipoinua vitambaa ukaonekana kutoka mbali kama kioo juani. Adui naye ana droni kama hiyo, akasema, na yeye hatengenezi video za mafunzo.

Nilitoka nje mbio na simu.

Nimepiga simu, haipatikani. Nimeandika ujumbe: Tymko, tazameni wavu katikati, kuna mkanda wa samawati, ukateni sasa hivi. Haujafika. Nimepiga tena. Nimempigia na Yukhym. Haipatikani.

Nikarudi ndani nikamwambia Pelaheia mbele ya wote. Sikuweza kulibeba. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi, akavua miwani, akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ya wivu. Wanawake wote wamenisikia, na hakuna aliyecheka. Nyastia hakuwepo, namshukuru Mungu kwa hilo.

22 Februari

Haipatikani.

25 Februari

Haipatikani. Pelaheia amejaribu kwa njia ya wahisani, wamesema barabara imefungwa kwa mabomu, hakuna gari linaloenda.

Yavdokha anajua. Nani hajui? Nilitegemea anifukuze nyumbani kwa mwanawe. Amenipikia uji na kunisimamia mpaka nikaumaliza.

3 Machi

Kamanda wao amepiga. Alijitambulisha kwanza, jina na cheo, na mimi nikakaa chini sakafuni kabla hajaendelea. Mzinga umepigwa. Tymko yuko hai, vipande vya chuma vimemwingia mguuni, amepelekwa hospitali ya mji wa Dnipro. Yukhym amefariki.

Nilimwuliza adui aliwaonaje. Akasema, dada, hilo hatulijadili kwenye simu.

4 Machi

Nilikwenda kwa Nyastia. Nilipanga kumwambia kila kitu. Alinifungulia mlango, akanikumbatia, akasema ashukuriwe Mungu wako amepona. Badala yake nikaingia jikoni. Nilimwoshea vyombo, vyombo vyote vya nyumba ile, hata vilivyokuwa safi.

Sasa nimekuwa mtu wa namna hii.

6 Machi

Tumemzika Yukhym. Kijiji kizima kilipiga magoti barabarani gari lilipopita. Mikono yangu naitazama kama ya mtu mwingine.

8 Machi

Tymko amepiga. Alianza kwa kunitakia heri ya Siku ya Wanawake, mpumbavu yule, akaomba radhi kwamba hakuna maua. Nililia kwanza. Aliniacha nilie.

Kisha nikasema, "Ule wavu."

"Tuliukata mkanda wako siku ile ile wavu ulipofika."

Sikumwelewa. Akarudia. Akasema kila wavu kutoka nyumbani wanauchambua kama kichwa cha mtoto mwenye chawa, kwa sababu wanawake wanatia kila kitu humo, misalaba, picha za watakatifu, na Nyastia aliwahi kutia kitunguu saumu kizima kumfukuza shetani. Yukhym alikila.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nikasikia mtu anakohoa kwenye wodi.

"Nililijua gauni," akasema. "Na nilijua kwa nini. Nilifurahi kidogo, Teklia. Halafu nikaona aibu kufurahi, nikaacha kukuambia."

Nilitaka kumpiga na kumbusu. Nikamwambia nimekaa siku hizi zote nikijua kwamba mimi ndiye niliyewaua. Akasema hapana, na akaniambia walivyoonekana, simu au si simu. Mzinga ukifyatua unahama, ndiyo kanuni. Wao hawakuwa na cha kufyatua, wakaamriwa wakae wasubiri shehena. Wakasubiri palepale. Theluji ikayeyuka, na watu lazima wachote maji, lazima walete kuni, njia ikachimbika kwenye matope mpaka mlangoni pao. Droni ilifuata njia. Waliisikia ikizunguka asubuhi nzima, na mizinga ya adui ikaanza kuwatafuta, na walijua kabisa inafyatuliwa kutoka wapi. Orysia angeifikia bila taabu. Walikuwa na kombora la moshi tu.

"Yukhym alikuwa ameketi juu ya makasha matupu ya makombora," akasema.

Nilijua si wakati wake. Nikauliza hata hivyo, maana nisingeuliza leo ningekufa nalo.

"Ulimpenda yule mkalimani?"

"Teklia."

"Usinifanye mjinga. Nimeiona picha."

"Kidogo," akasema. "Wiki chache. Sisi tulikuwa wakulima kwenye nchi ya watu, tumeshika chuma tusichokijua, na yeye hakutucheka. Ni hilo tu. Yeye hajui na hatajua."

Nimeshukuru na nimechukia kwa pamoja. Angenidanganya ningefurahi leo na kumshuku maisha yangu yote. Nilipokata simu Yavdokha alikuwa mlangoni. Nikamwambia mkanda ulikatwa. Akakaa kitini kwa nguvu, akajifunika uso kwa aproni, na nikagundua kwamba siku zote zile alikuwa akinilisha uji huku naye anaamini mimi ndiye niliyesababisha mwanawe apigwe.

6 Aprili

Amefika. Mikongojo, ndevu zimenyolewa, mwembamba. Amelala.

11 Aprili

Nilidhani mzinga ukivunjika nitarudishiwa mume. Wapi. Anakaa uani juani, anaangalia ile picha. Anasema na mama yake habari za breki ya Orysia, za namna alivyokuwa mtulivu akifyatua, hakurukaruka kama mizinga ya zamani. Mwanamke aliyekufa hana kasoro tena. Nimepitisha ndoo kati yake na jua mara kadhaa kwa makusudi.

Jioni alikwenda kwa Nyastia kwa mikongojo, peke yake. Alirudi macho mekundu, akaniwekea kichwa mapajani. Hapo wivu ulinyamaza, nakiri.

21 Aprili

Kule ng'ambo wamepiga kura. Msaada unakuja, makombora na mizinga. Majirani wanapigiana simu, mtu wa duka ametoa vodka. Yavdokha alifanya ishara ya msalaba, kisha akauliza hao waheshimiwa walikuwa wanafanya nini majira yote ya baridi. Tymko alishika ukuta. Alikuwa anajaribu kukanyagia mguu.

Nyastia alipita barabarani na mkate. Watu walipunguza sauti.

26 Aprili

Ameacha mkongojo mmoja, anatembea na mmoja tu. Namwombea apone polepole. Mungu anisamehe.

2 Mei

Tumepanda viazi leo. Mimi nachimba, Yavdokha anatupia mbegu, Tymko anafukia huku anachechemea, na hakukubali kuachishwa. Simu ikalia mfukoni mwake katikati ya shamba. Alisikiliza, akasema sawa, akasema sawa, akageuka kutuangalia, na nikajua.

Umefika mzinga mwingine, wa aina ile ile. Daktari akimruhusu anaondoka baada ya Pasaka. Yavdokha alichukua ndoo akaenda mwisho wa shamba, ambako hakukuwa na kazi.

"Vijana wameniachia mimi jina," Tymko akasema. Alikuwa anafuta udongo kwenye mpini wa jembe, udongo ambao haukuwepo. "Nimewaambia Teklia."

Majira yote ya baridi nimelitaka jina langu pale. Nililitaka hadi nikakata gauni langu. Sasa limewekwa mbele yangu, na nilichokiona ni Yukhym juu ya makasha matupu, na njia kwenye matope, na droni inazunguka, na chini yake mimi, kwa rangi nyeupe.

"Hapana," nikamwambia.

"Hapana nini?"

"Jina langu halitoki hapa. Ukiniweka kule, ukichoka utarudi kwa nani?"

Alinitazama mdomo umefunguka kidogo, hivyo anavyofanya akisikiliza injini. Mimi, siyo yule.

"Basi tuuite nani?"

"Muiteni Orysia. Ameshazoea."

Hakujua acheke au aje anishike. Alisimama tu na jembe lake. Nikainama nikaendelea kuchimba ili asinione uso, kisha nikamwambia kwamba safari hii waandike kwa herufi ndogo.